Mwezi Juu ya Mabua: Maisha ya Mchoraji John McCutcheon

Huku kwetu pwani jina la John Tinney McCutcheon halijulikani sana. Kwao Marekani, na hususan katika mji wa Chicago, kwa muda wa karibu nusu karne hapakuwa na msomaji wa gazeti asiyelijua. Alikuwa mchora katuni, mwandishi wa habari za vita, msafiri na, katika utu uzima wake, mwenye kisiwa chake mwenyewe. Nchi yetu pia aliifikia. Mwaka 1909 alikuja huku, akazunguka nyika za Kenya pamoja na wapagazi kwa miezi kadhaa, kisha akarudi kwao kuandika kitabu. Walakini si kitabu hicho kilichombakishia jina. Jina lake limebaki kwa sababu ya mchoro mmoja wa shamba la mahindi katika usiku wa mbalamwezi.

Mchoro huo nimeuona hapa Ahero, kiasi cha maili 15 kutoka Kisumu, katika kitabu kikuukuu cha mwenyeji wangu. Yeye ni mwalimu mstaafu, Mjaluo Mwislamu ambaye wazee wake ni watu wa Kendu Bay. Aliniwekea kitabu mbele yangu, akanipa nafasi ya kutosha nitazame, kisha akaniuliza: picha hii nzuri inamkumbuka nani, na inamzika nani? Swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ili tulijibu kwa haki, yafaa tumfuate mchoraji tangu kuzaliwa kwake.

MTOTO WA SHAMBANI

McCutcheon alizaliwa tarehe 6 Mei, 1870, shambani, katika wilaya ya Tippecanoe, jimbo la Indiana. Hiyo ni nchi tambarare yenye udongo mweusi, na mahindi ndiyo mali yake. Baba yake alikuwa mkulima, na aliwahi kupigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Katika nyumba hiyo walitoka waandishi pia, maana nduguye George alikuja kuwa mtunzi wa riwaya aliyesomwa sana.

Desturi ya wakulima wa huko wakati ule ilikuwa kukata mahindi pamoja na mabua yake, kuyafunga matita, na kuyasimamisha shambani yakauke. Mafungu hayo huwa mapana chini na membamba juu, yamepangwa safu kwa safu hadi upeo wa macho. Mtoto akiyatazama jioni, ukungu ukianza kushuka, huona mahema. John aliyaona mahema hayo utotoni, wala hakuyasahau.

Basi hapo pana jambo ambalo msomaji hana budi kulijua. Wilaya hiyo ya Tippecanoe ilikuwa na wenyewe kabla ya wakulima hao. Ndipo ulipokuwa mji wa Tenskwatawa, nduguye Tecumseh, yule kiongozi wa Kishawnee aliyejaribu kuwaunganisha wenyeji wa asili wa Marekani, ambao sisi tulizoea kuwaita Wahindi Wekundu, ili wasiendelee kupokonywa ardhi. Tarehe 7 Novemba, 1811, jeshi la Marekani lilipigana nao hapo, kisha likauteketeza mji kwa moto. Mwaka 1838 ikafika zamu ya Wapotawatomi. Watu zaidi ya 850 walikusanywa kwa mtutu wa bunduki, wakatembezwa kutoka kaskazini ya Indiana hadi Kansas, safari ya miezi miwili. Walipita katika wilaya hiyo hiyo ya Tippecanoe. Zaidi ya watu 40 walikufa njiani, wengi wao watoto wadogo. Safari hiyo hadi leo yaitwa njia ya mauti.

Kati ya safari hiyo na kuzaliwa kwa McCutcheon ilipita miaka 32 tu. Wazee waliomzunguka utotoni walikuwamo walioishi wakati mambo hayo yakitendeka. Mtoto alizaliwa, akalikuta shamba ni shamba, na mabua yamesimama.

KALAMU NA SAFARI

Alisoma katika Chuo cha Purdue, akahitimu mwaka 1889. Huko alipata rafiki wa kufa na kuzikana, George Ade, ambaye baadaye naye alijulikana kama mwandishi wa mambo ya kuchekesha. Mwaka huo huo McCutcheon akaenda Chicago, akapata kazi ya kuchora katika gazeti. Wakati ule picha za kamera zilikuwa bado hazijaenea magazetini, na mchoraji ndiye aliyekuwa jicho la msomaji. Palipotokea moto, kesi au mkutano, mchoraji alikimbilia huko na penseli yake.

Bahati yake kubwa ilikuja mwaka 1898. Alikuwa amepanda meli ya serikali kwa safari ya kuizunguka dunia. Vita vya Marekani na Uhispania vikazuka angali baharini, na tarehe 1 Mei akajikuta katika ghuba ya Manila, Ufilipino, akiwatazama Wamarekani wakiziangamiza meli za Wahispania. Kuanzia hapo akawa mwandishi wa vita. Mwaka 1900 alikwenda Afrika Kusini kuandika habari za vita vya Makaburu na Waingereza. Mwaka 1903 akajiunga na gazeti la Chicago Tribune, akakaa humo mpaka alipostaafu mwaka 1946.

Katuni zake hazikuwa za matusi. Wachoraji wengi wa zama zake walichora wanasiasa wenye matumbo ya mapipa na pua za nguruwe. Yeye alipenda kuchora mvulana na mbwa wake, mashamba, watu wa vijijini na sherehe zao ndogo. Aliamini kwamba katuni yaweza kumfanya mtu atabasamu bila ya kumuumiza mwenziwe. Kwa tabia hiyo alipendwa, na baadaye wakamwita mkuu wa wachora katuni wa Marekani.

USIKU WA MBALAMWEZI

Tarehe 30 Septemba, 1907, gazeti lilitoa mchoro wake uliokuja kuwa mashuhuri kupita yote, uitwao Injun Summer. Hilo ni jina la zile siku chache za joto zinazokuja wakati wa mavuno kabla ya baridi kali kuingia, likitamkwa kwa lafudhi ya watu wa shamba.

Mchoro una picha mbili, moja juu ya nyingine. Katika picha ya juu mzee ameketi na mjukuu wake kando ya shamba lililovunwa, majani makavu yanaungua, na moshi umetanda. Mabua yamesimama shambani kwa mafungu. Katika picha ya chini usiku umeingia na mwezi mkubwa umechomoza. Shamba ni lile lile, lakini mafungu ya mabua yamegeuka mahema, na katikati ya moshi na nuru ya mwezi vivuli vya watu vinacheza ngoma. Chini yake yapo maneno ya mzee akimsimulia mtoto. Anamwambia kwamba zamani nchi hii ilijaa watu hao, kwamba sasa wamekwenda zao na hapa hapana tena aliye hai, na kwamba mizimu yao hurudi kila mwaka msimu huu kucheza.

Walimu wangu wa chuoni hawakupenda picha za viumbe vyenye roho, na sababu zao msomaji anazijua. Lakini mtu akikitazama kile mwezi ulichokifanya juu ya shamba lile, hawezi kukana kwamba huyu alikuwa fundi. Sisi watu wa pwani twaijua mbalamwezi. Twaijua juu ya maji ya mkondo, juu ya makuti, juu ya kuta za misikiti ya kale iliyobaki magofu. Twajua jinsi inavyoficha nyufa na kufanya kila kitu kionekane kizima. Washairi wetu wameiimba vizazi kwa vizazi.

Wasomaji wa Chicago waliupenda mchoro huo mno. Kuanzia mwaka 1912 gazeti likawa linauchapa tena kila mwaka wakati wa mavuno. Watoto waliukata na kuubandika ukutani. Wakawa wazazi, nao wakawaonyesha watoto wao.

MCHORAJI KATIKA NYIKA ZETU

Miaka miwili baada ya mchoro huo, McCutcheon alikuja Kenya. Alikuwa katika msafara wa Carl Akeley, yule fundi wa kujaza ngozi za wanyama, aliyetumwa kutafuta ndovu kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Msafara wa namna hiyo wakati ule ulichukua watu wengi. Palikuwa na mnyapara, wapishi, watumishi wa hema, askari, na wapagazi waliobeba kila kitu vichwani. Washika bunduki aghalabu walikuwa Wasomali, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha wote. Katika kitabu cha McCutcheon, kilichotoka mwaka 1910, Msomali mmoja aitwaye Abdi ametajwa kwa jina. Bila ya watu hao penseli yake isingefika mbali.

Walizunguka uwanda wa Uasin Gishu na mitelemko ya Mlima Elgon. Mwezi wa Novemba, 1909, walikutana nyikani na msafara wa Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani mwaka huo huo. Roosevelt alikubali kumsaidia Akeley kupata ndovu wa kupeleka New York. Mwezi uliofuata Roosevelt alishuka kwa gari la moshi hadi Kisumu, kwa reli ile ile iliyofika ziwani mwaka 1901 na inayopita Miwani na Kibos, kaskazini ya hapa Ahero. Kisumu akapanda meli kwenda Entebbe.

Sasa tuutazame huo uwanda wa Uasin Gishu kama alivyoukuta mchoraji wetu. Ulisemwa kuwa ni nchi tupu, haina mwenyewe. Lakini ardhini palikuwa na mashimo ya mviringo, mabaki ya mazizi na maskani ya watu wa kale wanaoitwa Wasirikwa. Baada yao Wamaasai wa Uasin Gishu walichunga hapo hadi vita vya karne ya kumi na tisa vilipowatawanya. Wanandi wakachunga baada yao. Mwaka 1905 kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, aliuawa na Waingereza alipokwenda kukutana nao kwa mazungumzo ya amani, na watu wake wakapigwa na kusukumwa katika eneo dogo walilotengewa. Mwaka 1908 Makaburu wakapanda uwandani na magari yao ya ng’ombe kuja kugawiwa mashamba. Mwaka uliofuata McCutcheon akapita.

Nadhani msomaji ameona mambo yanavyofanana. Mtu aliyezaliwa Tippecanoe miaka 32 baada ya wenyewe kuondolewa, alitembea Uasin Gishu miaka minne baada ya wenyewe kuondolewa. Leo ukipita Eldoret au Kitale wakati wa mavuno, utaona wakulima wamefunga mabua ya mahindi na kuyasimamisha shambani kwa mafungu, sawasawa na mchoro wa McCutcheon. Mwezi ukitoka, utaona mahema.

KISIWA NA MIAKA YA MWISHO

Vita vya mwaka 1914 vilipozuka Ulaya, McCutcheon alikwenda Ubelgiji akaona majeshi ya Wajerumani yakipita. Baada ya hapo alitaka utulivu. Mwaka 1916 alinunua kisiwa kidogo karibu na Nassau, katika visiwa vya Bahama, kiitwacho Salt Cay. Yeye akakipa jina la Treasure Island, kwa mapenzi ya hadithi za utotoni. Msomaji aliyesoma shuleni Kisiwa chenye Hazina ataelewa mara moja. Mwaka 1917 alimwoa Evelyn Shaw, binti wa msanifu majengo wa Chicago, wakaenda fungate huko kisiwani, na kwa miaka mingi wakawa wanarudi na watoto wao kuukimbia ubaridi.

Hakuwa mtu wa kukaa bure. Tangu mwaka 1921 aliongoza chama kilichojenga bustani kubwa ya wanyama ya Brookfield, karibu na Chicago, iliyofunguliwa mwaka 1934. Mwaka 1932 alipewa tuzo ya Pulitzer kwa katuni aliyoichora wakati mabenki yakianguka na watu wakipoteza akiba zao. Katika katuni hiyo kindi anamwuliza mtu aliyeketi kwenye benchi kwa nini hakuweka akiba wakati wa neema, na yule mtu anajibu kwamba aliweka. Hapo twamwona McCutcheon katika ubora wake. Bila tusi wala kelele, alimtetea mtu wa kawaida aliyedhulumiwa kisha akalaumiwa.

Alifariki dunia tarehe 10 Juni, 1949, huko Lake Forest, katika jimbo la Illinois, akiwa na umri wa miaka 79. Kitabu cha maisha yake kilitoka mwaka uliofuata.

NENO MOJA: WAMEKWENDA

Mchoro ulimpita mwenyewe umri. Gazeti liliendelea kuuchapa karibu kila mwaka, mpaka walipoanza kusikika wale ambao mzee wa katika mchoro alisema hawapo tena. Wenyeji wa asili wa Marekani, na wengine waliowaunga mkono, waliandika na kulalamika. Walisema jina la mchoro ni la dharau, na kwamba wao hawakwenda zao bali walipelekwa. Walisema pia kwamba wao si mizimu, maana wako hai na wana watoto wanaosoma magazeti. Mwaka 1992 gazeti likaacha kuuchapa. Wasomaji wengi walinung’unika, kwa kuwa kwao ulikuwa sehemu ya utoto wao.

Mimi sitamhukumu McCutcheon kama mtu mbaya. Alichora kwa mapenzi ya nchi aliyolelewa, na walau yeye aliwakumbuka wale watu, ilhali wengine waliwasahau kabisa. Lakini kuwakumbuka watu kama vivuli ni jambo moja, na kuwatambua kama jirani wenye haki ni jambo jingine. Kivuli hakidai shamba wala hakifiki mahakamani. Kinacheza ngoma chini ya mwezi, na kukipambazuka kinatoweka, na mwenye shamba anaendelea kuvuna. Mchoraji aliyeweza kuona kwamba mtu wa benchini alidhulumiwa, hakuona kwamba na wale wenye mahema walidhulumiwa. Uzuri wa mwezi ulimtosha.

Jambo hili latuhusu sisi pia. Mwaka 1908, mwaka ule ule Makaburu walipopanda Uasin Gishu, serikali ya Waingereza ilitunga sheria ya hati za ardhi za pwani. Aliyejua njia za ofisini na kuthibitisha dai lake alipata hati. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Wako wajukuu wa waliokosa hati ambao mpaka leo wanaitwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Nao wageni huja, wakapiga picha ya minazi na mwezi, wakasema nchi hii ni nzuri na tulivu, kana kwamba haina watu.

Hata hapa Ahero lipo la kujifunza. Nyanda za Kano zilikuwa malisho na mashamba ya koo za Wajaluo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ilileta mradi wa mpunga wa kumwagilia kwa maji ya mto Nyando yanayovutwa kwa pampu. Mpunga umelisha watu wengi, na hilo ni la kushukuriwa. Lakini katika mpango ule mkulima alifanywa mpangaji wa Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji, akalimia kanuni za Bodi juu ya ardhi aliyozoea kuiita ya babu yake. Mwenyeji wangu ananiambia kwamba mpita njia huona kijani kibichi, korongo weupe na maji yanayong’aa usiku, akasifu. Wachache huuliza mkulima alikuwa nani kabla ya mifereji.

Neno ahero kwa Kijaluo ni kusema napenda. Mtu akisema anaipenda nchi, asaa amwulize na mwenyewe. Sisi tunaotunga mashairi ya magofu ya Gedi na Takwa, na ya mbalamwezi juu ya Pate, tuna wajibu huo kabla ya wengine. Tumefundishwa tangu chuoni kwamba mtu atembee katika ardhi na kuzingatia mwisho wa waliotangulia. Kuzingatia ni pamoja na kuuliza ni nani aliyewaondoa, na kizazi chao kiko wapi leo.

Kizazi cha Wapotawatomi kipo. Kipo Oklahoma, Kansas, Michigan, na Indiana yenyewe. Tangu mwaka 1988, kila baada ya miaka mitano, baadhi yao hukusanyika Indiana pamoja na marafiki zao, wakaifuata ile njia ya mauti ya mwaka 1838 hadi Kansas, wakisimama kila mahali walipozikwa wazee na watoto wao. Hupita Tippecanoe kando ya mashamba ya mahindi. Hupita mchana.